Gari Linapokulevya

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina urefu wa kilomita 33 hivi. Ni barabara ya lami, lakini inapanda milima ya Usambara kwa kona moja baada ya nyingine. Basi likifika kona ya tatu au ya nne, utaona abiria mmoja amenyamaza. Anapiga miayo. Jasho jembamba linamtoka. Mate yanamjaa mdomoni. Kisha anatafuta dirisha haraka.

Kama abiria huyo ni wewe, habari hii inakuhusu. Watoto wengi wa kati ya miaka 2 na 12 huchafukwa na roho garini, na wengi huacha wakikua. Lakini wapo watu wazima, tena wenye wajukuu, ambao bado hutapika. Wengine wameacha kwenda kuzika ndugu zao. Wengine huahirisha kwenda hospitali ya wilaya, si kwa kukosa nauli, bali kwa kuogopa basi. Hili si jambo la kuchekwa.

Je, hali hii huletwa na nini? Si uchawi, wala si ugonjwa wa tumbo. Ndani kabisa ya sikio mna mirija midogo yenye majimaji. Gari likikata kona au likiingia shimoni, majimaji hayo hutikisika. Sikio huuambia ubongo, "Tunakwenda." Lakini macho yako yanatazama kiti cha mbele yako, nacho kimetulia. Macho huuambia ubongo, "Tumekaa." Ubongo hupata habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloumia. Ndiyo sababu dereva hatapiki mara nyingi. Yeye anatazama barabara, na anajua kona inakuja kabla haijafika. Baharini ni hivyo hivyo. Watu wa pwani husema chombo kimemlevya mtu.

Basi, fanya kama dereva. Fika stendi mapema, umwombe kondakta kiti cha mbele. Mwambie sababu. Atakubali upesi, maana hapendi kuosha gari. Viti vya nyuma kabisa hurushwa kuliko vyote. Kaa ukielekea mbele, utazame mbali, kwenye kilele cha mlima au mwisho wa barabara. Egemeza kichwa kisiyumbe. Fungua dirisha upate hewa, lakini usitoe kichwa nje, kwa sababu gari jingine linaweza kukugonga. Usitazame simu. Usisome chochote, hata kitabu hiki. Najua kusoma kuna raha yake, lakini ngoja mpaka ushuke.

Wengi hushinda na njaa siku ya safari. Hilo ni kosa, kwani tumbo tupu nalo huchafuka. Kula chakula kidogo kiasi cha saa mbili kabla ya kuondoka, kama uji au viazi vya kuchemsha. Acha vyakula vya mafuta mengi, na acha pombe. Watu wengine hutafuna tangawizi, nayo huwasaidia. Si ghali, jaribu.

Vidonge pia vipo. Humezwa nusu saa au saa moja kabla ya safari. Ukingoja mpaka utapike, kidonge nacho kitatoka. Vingi huleta usingizi, kwa hiyo ukivimeza usiendeshe chombo chochote, hata baiskeli. Usizidishe kipimo ulichoelezwa. Mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasitumie mpaka mganga wa zahanati aulizwe.

Beba kopo lenye kifuniko na chupa ya maji. Zamani tulibeba mifuko ya plastiki, lakini mifuko ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Ukitapika, usione haya. Suuza mdomo, kisha kunywa maji funda moja moja.

Ukishuka, hali hii huisha yenyewe baada ya muda. Lakini kama unaendelea kutapika mpaka kesho yake, au una homa, usilisingizie gari. Inaweza kuwa malaria. Nenda zahanati upimwe damu.