FA wamkumbusha kanuni, Guehi achukua kalamu tena

NOVEMBA 30, 2024, Selhurst Park. Nahodha wa Crystal Palace, Marc Guehi, anaingia kuivaa Newcastle akiwa na kitambaa cha rangi za upinde wa mvua, kile cha kampeni ya kuwatetea mashoga michezoni. Juu yake kaandika anampenda Yesu, neno la kupenda kalichora kopa.

Kukikataa angeweza. Sam Morsy wa Ipswich, Mwislamu, alikiweka kando wikiendi hiyohiyo. Kukivaa kimyakimya ndiyo ilikuwa njia rahisi zaidi, nani angemuuliza?

FA wakamkumbusha kanuni: ujumbe wa dini hauruhusiwi kwenye vifaa vya mechi. Wapo waliodhani jamaa atakausha. Siku tatu baadaye, ugenini kwa Morsy huyohuyo, beki huyo mzaliwa wa Abidjan, mtoto wa mchungaji, akatokea na maandishi mapya: Yesu anakupenda. Kopa lipo palepale. Palace wakashinda 1-0, bao la Mateta.

Adhabu? Hakupewa. Mei 17, 2025 alikuwa Wembley, Man City wamelala 1-0, ananyanyua Kombe la FA.