Taya la mtoto likivimba ghafla

Mzazi wa Abuku, ukiona taya la mtoto linavimba haraka na meno yanalegea, usikimbilie kung'oa jino. Huenda ni saratani ya Burkitt. Kuanzia 1972 watoto wapatao 42,000 wa West Nile walitolewa damu (labda baadhi yenu mliorudi mlikuwamo), ikaonekana virusi vya Epstein-Barr vinahusika.

Ndani ya seli, uzi wa DNA umezungushwa kwenye protini kama kitenge kwenye jora, palipofungwa hapasomeki. Katika saratani hii kipande cha kromosomu ya 8 hukatika, mara nyingi kikaungana na ya 14, mahali palipo wazi muda wote. Jeni ya MYC hapo huamrisha seli igawanyike bila kupumzika. Uvimbe huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Dawa zipo, na wengi wanaowahi hupona. Mpelekeni hospitali kubwa wiki hiyo hiyo, biashara ya mpakani itangoja.