Sauti chini ya maji yatoa ajira kwa wanaojua hesabu

Nahodha wa Bagamoyo huwatambua samaki kwa macho: ndege wanaozamia, maji yanayochemka. Walioko mita 30 chini hawaoni. Mtaalamu wa sauti huwapata kwa mlio unaotumwa kutoka chini ya chombo. Baharini sauti hukimbia takriban mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi ukirudi baada ya sekunde 0.04, samaki wako mita 30.

Meli ya utafiti ya Dr Fridtjof Nansen ilipima bahari ya Tanzania hivyo mwaka 1982 na 1983, ikarudi 2018. Ziwa Victoria nalo lilianza kupimwa 1999, na mchuuzi wa dagaa ana maslahi hapo, kwani makadirio hayo husaidia kupanga uvuvi.

Ugumu ni kwamba mwangwi hautaji jina la samaki. Sehemu kubwa hutoka kwenye kibofu cha hewa tumboni; asiye nacho huonekana kwa shida. Ndiyo maana wavu bado huvutwa kuhakiki. Mashine yenyewe hupimwa kwa tufe dogo la shaba linaloning'inizwa chini ya chombo, kama mzani wa sokoni unavyohakikiwa kwa jiwe la kilo.

Kijana aliyefaulu fizikia na hisabati aanzie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho hufundisha sayansi ya bahari Kunduchi. Anayependa chombo zaidi ya kompyuta aende FETA Mbegani, jirani na Bagamoyo. Ajira za utafiti TAFIRI ni chache, hivyo ajifunze pia kufunga na kutengeneza mashine za kutafutia samaki.