Gamba la Kisikilizi kwa Umbo la Sikio Lako

Huko Gishora, karibu na Gitega, ndiko ziliko ngoma za kifalme za Burundi, ambazo uchezaji wake uliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Ngozi iliyowambwa juu ya ngoma huitwa kiwambo. Na ngozi nyembamba iliyo ndani ya sikio nayo huitwa kiwambo. Cha ngoma kikipasuka, huwambwa kingine. Cha sikio pengine hupona. Lakini vinyweleo vya kusikia vilivyo nyuma yake, vikishakufa, havioti tena.

Askari aliyemo ndani ya lori kutoka Gitega kwenda Muyinga kwa njia ya Karuzi, injini ikinguruma, huiongeza sauti ya simu yake ya upepo ili asikie amri. Huko kuongeza ndiko kunakomdhuru. Mara nyingi kosa si la simu, bali la kisikilizi, ambacho kiwanda kimekiumba kwa sikio la kila mtu, nacho hakimkai mtu yeyote sawasawa. Kikiacha upenyo, sauti nzito hutoroka na makelele huingia.

Dawa yake ni gamba lililosubiwa kwa umbo la sikio la mwenyewe, na fundi mwangalifu aweza kulitengeneza nyumbani kwa kitambaa cha nyuzi za kaboni, kitu kile kile kitumikacho katika ndege. Kwanza hupatikana nakala ya sikio kwa silikoni. Nakala hiyo husawazishwa, huchovywa katika nta, kisha hufanyiwa kalibu. Ndani ya kalibu hutandazwa vipande vya kitambaa vilivyoloweshwa gundi ya epoksi, vikakandamizwa vizuri mpaka vikauke. Gamba hutolewa, hupigwa msasa, hutobolewa tundu la sauti, na kupakwa vanishi ili nyuzi zisiguse ngozi. Kaboni hupitisha umeme, kwa hiyo nyaya zifunikwe. Tena huzuia mawimbi ya redio, basi kisikilizi kisicho na waya hakifai kufungiwa humo.

Epoksi mbichi huwasha, na vumbi la kaboni ni adui wa mapafu: glavu na barakoa zivaliwe, na msasa upigwe kwa maji.

Lakini hatua moja twaikataza nyumbani, nayo ni ile ya kwanza. Silikoni ikimiminwa bila kizibo cha pamba chenye uzi, hufika kwenye kiwambo na kugandia hapo, na kuitoa huenda kukahitaji upasuaji. Kazi hiyo apewe mganga wa masikio.

Wala ndugu askari asiende nalo kwenye shabaha akidhani amejikinga. Mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150 sikioni mwa mpigaji, na gamba la nyumbani halikupimwa na mtu. Huko zivaliwe kinga zilizopimwa. Na kwenye lindo la usiku, kisikilizi kikae sikio moja tu. La pili libaki wazi kwa nyayo za anayekuja.