Gesi ya friza haiishi kama makaa

Mwezi huu sitaandika juu ya masomo ya watoto. Nitaandika juu ya friza, ile ambayo wengi wetu tunaiita frigo tu. Hapa Nakivale friza moja inaweza kulisha nyumba nzima, na hiyo hiyo ikifa inaweza kuiacha nyumba na deni. Sisi yametupata, ndiyo maana naandika.

Mama yangu anauza samaki wa ziwani, juisi ya tangawizi na barafu za watoto za kwenye vifuko. Friza yake ni ya mfuniko wa juu. Ilinunuliwa Mbarara ikiwa imeshatumika, kwa pesa ya likelemba. Wamama kumi walichanga, zamu yake ikafika, akasema hatanunua nguo wala kiti, atanunua friza. Tangu mgawo wa chakula ulipoanza kupunguzwa mwaka 2020, hiyo friza ndiyo ilikuwa inatuletea mafuta, sabuni na pesa ya shule ya mdogo wangu.

Jumamosi moja nilikuwa nabandua barafu iliyoganda kwenye kuta za ndani. Ilikuwa imenenepa, na mimi nilikuwa na haraka. Nikachukua kisu. Kisu kikateleza. Nikaona mkwaruzo mdogo tu ukutani, nikapangusa, nikanyamaza. Mwalimu mzima niliogopa kufokewa.

Baada ya siku nne barafu za watoto zikaanza kuwa laini. Tukaita fundi. Akashika bomba, akatingisha kichwa: "Mama, gesi imeisha." Akaongeza gesi, tukalipa shilingi 90,000. Friza ikaganda kama mpya, tukamshukuru. Wiki mbili hazikufika, ikalegea tena. Akarudi, akaongeza tena, tukalipa tena. Mara ya tatu ilikufa usiku, imejaa samaki wa mkopo. Asubuhi tulikuta maji mekundu chini na harufu. Mama akasema: "Tukaange na pilipili nyingi, harufu itaisha." Nikamwambia, "Mama, watoto wa jirani ndio watakula." Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nitafute jembe. Tukachimba shimo nyuma ya nyumba. Hakulia. Alisimama tu anaangalia, na mimi niliumia kuliko kama angelia.

Ndipo jirani akatuletea mzee mmoja aliyetengeneza frigo kwa miaka mingi kule Bukavu. Huyu hakuanza kwa kufungua begi. Alianza kwa kuuliza.

"Gesi imewekwa mara ngapi?"

"Mara mbili, Papa."

"Na barafu anabandua nani, na kwa kitu gani?"

Nikainama. Nikasema ukweli mbele ya Mama. Mzee akaingiza presha kwenye mabomba, akapaka povu la sabuni pale kwenye mkwaruzo. Povu likaanza kuchemka vipovu vidogo vidogo. Tundu lilikuwa dogo kama la sindano.

"Mwanangu," akasema, "gesi ya frigo si makaa. Haiwaki ikaisha. Imefungwa mle ndani, inazunguka tu. Ikipungua, ujue kuna mahali inatoka."

Hayo maneno ndiyo nataka kila nyumba yenye friza iyashike. Mengine yote yanafuata hapo.

FRIZA INAFANYAJE KAZI

Friza haitengenezi baridi. Inachukua joto la ndani na kulitupa nje. Ile mota nyeusi ya chini, kompresa, inasukuma gesi kwa nguvu. Gesi ikisukumwa inapata moto, inapita kwenye mabomba ya nje na kuacha joto hewani, halafu inageuka kuwa majimaji. Baadaye inapita kwenye kibomba chembamba sana, inaingia mabomba ya ndani, inachemka na kugeuka gesi tena, na hapo inanyonya joto la samaki wako. Kisha inarudi kwenye kompresa. Ni mzunguko mmoja, siku zote gesi ile ile. Friji iliyofungwa vizuri inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezwa gesi hata mara moja.

ANGALIA HAYA KABLA YA KUITA FUNDI

Friza ikilegea, si lazima iwe gesi. Mara nyingi ni vitu ambavyo wewe mwenyewe unaweza kuviona.

1. Umeme unafika? Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ile ile. Shika waya wa ekstensheni: ukiwa na moto, ni mwembamba mno kwa friza. Unapunguza nguvu ya umeme, na unaweza kuchoma nyumba, hasa zile za turubai.

2. Kitufe cha baridi kiko namba ngapi? Watoto wanapenda kukizungusha.

3. Raba ya mlango inabana? Weka noti ya pesa kati ya raba na friza, funga, halafu vuta. Ikitoka bila kushikwa, hapo baridi inavuja. Fanya hivyo pande zote nne. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Mara nyingine ni uchafu tu.

4. Friza inapumua? Friza nyingi za mfuniko wa juu zina mabomba ya joto yaliyofichwa kwenye kuta za ubavuni, ndiyo maana zinapata moto. Ukiziegemeza magunia, joto halina pa kwenda. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kila upande. Usiiweke juani wala karibu na jiko.

5. Kuna vumbi? Kwenye zile friji za kioo za soda, mabomba ya joto yako nyuma au chini, na mara nyingi kuna feni. Vumbi letu la kiangazi likiziba pale, kompresa inafanya kazi mchana kutwa bila kupoza. Chomoa plagi, piga brashi taratibu.

6. Umejaza mno, au umeweka vitu vya moto? Sufuria ya moto inayeyusha vya jirani zake. Kwenye friji ya soda usizibe feni ya ndani wala usitandike maboksi kwenye rafu, hewa lazima izunguke.

7. Kompresa inasema nini? Ikinguruma kidogo halafu "tik", ikanyamaza, kisha ikarudia, inawezekana umeme ni mdogo, au kile kifaa cha kuianzisha kimeharibika. Chomoa mara moja, usiache ijaribu usiku kucha. Hicho kifaa ni cha bei ndogo. Kompresa ikiungua ni hasara kubwa.

FUNDI AKISEMA GESI IMEISHA

Usigombane naye. Muulize kwa heshima: "Fundi, imetokea wapi?" Kazi nzuri ya gesi ina hatua. Kwanza anatafuta tundu, kwa povu la sabuni au kwa kuangalia alama za mafuta kwenye mabomba, kwa sababu gesi ikitoka inatoka na mafuta kidogo. Pili anaziba. Tatu anabadilisha filta. Nne anaweka pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote uliobaki ndani. Tano ndipo anaweka gesi, na anaipima kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friza. Ikizidi ni vibaya kama ikipungua. Yule anayeweka gesi kwa kukisia, bila kutafuta tundu, anakujazia maji kwenye ndoo inayovuja.

Soma pia kibandiko kujua ni gesi gani. Friji nyingi za miaka ya nyuma zina R134a. Mpya nyingi zina R600a. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, Rwanda, zikakubaliana kupunguza polepole gesi za kundi la R134a kwa sababu zinaongeza joto la dunia. Hii R600a haina shida hiyo, lakini inawaka moto, ni ndugu wa gesi ya kupikia. Ukiona pembetatu ya njano yenye mwali wa moto karibu na kompresa, mwambie fundi. Kazi ifanyike nje penye hewa, bila sigara wala jiko karibu, na asichomelee bomba lenye gesi ndani. Na gesi mbili tofauti hazichanganywi.

UMEME UKIKATIKA

Usifungue mfuniko "kuangalia tu". Friza iliyojaa na kufungwa inaweza kushika baridi karibu masaa 48. Ikiwa nusu, karibu masaa 24. Friji ya kawaida ni masaa 4 hivi. Kama una nafasi, jaza chupa za maji zigande, zitakusaidia kushika baridi.

Umeme ukirudi, ngoja dakika 5 kabla ya kuwasha. Presha ndani ya mabomba lazima itulie kwanza. Ukiwasha haraka, kompresa inahangaika kuanza na inaweza kuungua. Tena umeme unaporudi mara nyingi unaruka ruka. Kuna kifaa kidogo cha kulinda friji: unakichomeka kwenye soketi, halafu friji unaichomeka ndani yake. Umeme ukizidi au ukipungua mno kinakata, na kinangoja dakika chache kabla ya kurudisha. Ukipata faida kidogo, nunua hicho kwanza.

Je, utajuaje kama umeme ulikatika muda mrefu ukiwa umelala au umeenda kwenye mkutano? Gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya friza. Ukikuta sarafu iko juu, hakuna neno. Ukikuta imezama chini, vitu viliyeyuka na kuganda tena. Usimuuzie mtu.

Samaki au nyama ambayo bado ina barafu ndani unaweza kuigandisha tena au kuipika siku hiyo hiyo. Iliyokaa kwenye joto zaidi ya masaa 2, itupe. Nasema hivi nikijua uchungu wake. Lakini kuna sumu za chakula kilichoharibika ambazo moto na pilipili haviziondoi. Friza ya samaki iwe chini ya sifuri, digrii 18. Friji ya chakula isizidi digrii 5.

KAZI ZA KUTUNZA

Kila siku: hakikisha mfuniko umefunga, pangusa maji, usifungue ovyo. Panga barafu za watoto juu, samaki chini, ili usichimbe kila mteja anapokuja.

Kila wiki: osha raba, angalia plagi kama imeungua au inalegea.

Kila mwezi: chomoa, piga brashi vumbi, osha ndani kwa maji na sabuni kidogo, kausha kabisa.

Barafu ikifika nene ya nusu sentimita: chomoa, hamisha vitu kwenye kasha la baridi au vifunike na blanketi, acha mfuniko wazi, weka beseni la maji ya moto ndani, ngoja. Tumia mwiko wa mbao au plastiki. Kisu, bisibisi na msumari ni marufuku. Hii mstari nimeandika kwa niaba yangu mwenyewe.

Ukiisafirisha: isimame wima. Ikilazwa kwenye gari, isimamishe usiku mzima kabla ya kuwasha, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

Na kama friza inakupiga shoti ukiigusa, hata kidogo, chomoa. Usizoee. Watoto wanaigusa kwa mikono yenye maji na miguu peku.

Ndugu wasomaji, yule fundi wa kwanza nilimsema vibaya sokoni. Ni kweli hakutafuta tundu. Lakini mimi nililijua tundu lilipo, nikanyamaza. Ningesema siku ile ile, tungelipa mara moja tu na samaki wasingeingia shimoni. Kwa hiyo fundi akija nyumbani kwako, mwambie kila kitu: lini ilianza, nani aliigusa, umeme ulikuwaje. Kwa mtoto pia nyumbani kwako, akiharibu kitu, asiogope kusema.

Friza ya Mama inaganda mpaka leo. Deni la samaki bado tunalilipa kidogo kidogo. Mfuniko wake una karatasi yenye mistari hii niliyowaandikia. Nanyi mnaweza kukata ukurasa huu mkaubandika kwenu, pale ambapo anayebandua barafu atauona.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.