Maji ya Kisima Hayakuumbiwa Rejeta

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile. "Fundi, hii kulanti si ya kuzuia barafu? Sasa Mtoni barafu itatoka wapi?" Muulizaji hutabasamu kidogo, kama mtu aliyekwisha kumbaini tapeli, na mara nyingi dumu la maji ya kisima liko tayari mkononi. Hataki jibu. Anataka nimuunge mkono, nifungue kifuniko, maji yaingie, pesa ya kulanti ibaki mfukoni.

Basi tuanze kwa kumpa haki yake. Barafu haitatoka. Gari iliyolala nje hapa Mtoni, Unguja, alfajiri ya Julai, kipupwe kimekaza na watu wamejifunika shuka mbili, haiko hata karibu na sifuri. Kulanti ikichanganywa na maji nusu kwa nusu haigandi mpaka kiasi cha nyuzi 37 chini ya sifuri, na hapa kwetu uwezo huo wote ni wa bure. Picha ya theluji kwenye kopo ingeweza kufutwa na Mzanzibari asipoteze chochote. Kama kulanti ingekuwa na kazi hiyo moja, ningekwambia mimi mwenyewe usiinunue.

Nampa na haki ya pili, ambayo wengi hata hawajui kuidai: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na kulanti. Ni kweli ya kimaabara. Kwa hiyo anayesema "maji yanapoza zaidi" hajasema uongo. Kosa lake ni kudhani kwamba rejeta inakufa kwa joto. Kwanza inakufa kwa kutu na chokaa. Joto huja baadaye kumalizia.

Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Mvua ya masika inapenya katika jiwe hilo, inayeyusha chokaa njiani, kisha sisi tunaichota kisimani au tunaipata bombani ikiwa safi machoni. Chokaa hiyo haionekani mpaka maji yapate moto. Tazama ndani ya birika la umeme lililotumika nyumbani mwaka mmoja: ule ukoko mweupe chini, mgumu kama plasta, ndio unaojijenga ndani ya injini yako, na hujijenga hasa pale penye moto mkali, kwenye silinda hedi karibu na valvu za kutolea moshi. Chokaa haipitishi joto vizuri. Maji yanapita upande mmoja, chuma kinaungua upande wa pili, na mshale wa temperecha unaweza kukaa katikati, umetulia, huku pembe moja ya hedi ikianza kupinda.

Hapo mtu huniambia kwamba maji ya kwetu ni matamu, hata Seyyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888 aliyavuta kutoka Chemchem ya Bububu mpaka mjini. Aliyavuta watu wanywe. Maji mazuri ya kunywa na maji mazuri ya injini ni vitu viwili, na visima vya karibu na pwani vina jambo jingine juu ya chokaa: chumvi. Usisubiri kuionja ulimini. Chumvi kidogo tu inatosha kuanza kuitoboa aluminiamu.

Na aluminiamu ndiyo gari yenyewe siku hizi. Vitz, IST, Probox, zile zenye injini ya 1NZ, bloku yake ni aluminiamu, hedi yake aluminiamu, laina za silinda ni chuma cha kawaida cha kuyeyushwa, kile kinachoshika kutu, na rejeta ni aluminiamu nyembamba iliyobanwa na tangi za plastiki. Metali mbili tofauti zikikaa ndani ya maji yenye chumvi zinafanya betri, na katika betri hiyo moja lazima iliwe. Ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia jambo hilo. Zinaweka utando mwembamba juu ya metali, zinazuia maji yasigeuke kuwa makali, na zinaisaidia sili ya wota pampu isisage kavu. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Kuzuia kuganda ni nyongeza iliyokuja ndani ya kopo hilo hilo kwa sababu kiwanda kinauza pia kwenye baridi ya Sapporo, huko Japani.

Anayebisha alete gari iliyoishi kwa maji miaka miwili, tuvue mpira wa chini wa rejeta. Yatakayotoka hayaitwi maji tena. Ni uji wa rangi ya udongo mwekundu, na ukiuminya kati ya vidole unahisi mchanga. Mchanga huo ni chuma cha injini. Kisha vua wota pampu utazame mapanga yake: kingo zimeliwa, zina vishimo vidogo kama embe lililodonolewa. Bei ya pampu hiyo, ukiongeza ya gasketi ya hedi na ya kuisawazisha hedi yenyewe, ingenunua kulanti ya miaka mingapi? Piga hesabu mwenyewe, mimi nimechoka kuwapigia watu.

"Mbona marehemu babu aliendesha Bedford kwa maji ya mtaroni?" Aliendesha, Mungu amrehemu. Bedford ya babu ilikuwa pande la chuma lenye njia za maji zinazopitisha kidole, na rejeta ya shaba nzito iliyochomelewa kwa risasi, ikitoboka unaipeleka kwa mchomeleaji inarudi jioni. Nayo iliota kutu, ila ilikuwa na chuma cha kutosha kuliwa. Yako haina akiba hiyo.

Imani hii ina ndugu yake waliyenyonya naye ziwa moja. Gari inashuka bandarini kutoka Japani, haijamaliza mwezi, fundi anamwaga kile kimiminika cha rangi ya waridi na kutia maji, halafu anang'oa thamostati. Ukimuuliza, anasema hicho ni kifaa cha nchi za baridi, huku kwetu kinaziba maji tu. Nasema bila kupunguza: fundi anayeng'oa thamostati nzima hajui injini inafanyaje kazi. Kifaa hicho huanza kufunguka maji yanapofika nyuzi 80 hadi 84 kwa Toyota nyingi. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kazi na kuibakisha hapo, na joto hilo ni moja, uwe Mtoni uwe Sapporo. Ukikitoa, ukishika barabara ya Nungwi kwa mwendo mzuri injini inakaa chini ya joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza gari imewashwa, inazidi kumimina petroli, na unyevu unabaki ndani ya oili mpaka oili inakuwa kama mtindi chini ya kifuniko. Kibaya zaidi, kwenye baadhi ya injini thamostati ndiyo inayoziba pia ile njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo inabaki wazi moja kwa moja. Maji ya moto yanazunguka na kurudi yakiwa moto, na gari uliyotaka kuipoza inachemsha kwenye foleni ya Darajani.

Thamostati iliyokwama inabadilishwa kwa mpya. Ukitaka kuijaribu, itie kwenye sufuria ya maji jikoni uwashe moto. Ikifunguka kabla maji hayajachemka ni nzima.

Bizari ya kuziba rejeta inayovuja sitaijadili kwa urefu. Huziba, ndiyo, ila haichagui tundu. Ipike mchuzi wako, isipike injini.

Sasa ya kufanya, upesi upesi. Nunua kulanti inayolingana na kitabu cha gari, si inayolingana na rangi, maana rangi ni rangi tu na kila kiwanda hutia anayoipenda. Toyota inayotumia ile ya waridi, kiwanda kinasema ibadilishwe kwenye kilomita 160,000 mara ya kwanza, kisha kila 80,000. Ukikuta imekwisha kumwagwa, hesabu hizo hazikuhusu, safisha mfumo uanze upya. Kama kopo halijachanganywa, changanya nusu kwa nusu. Bajeti ikibana, theluthi moja ya kulanti ndiyo mwisho, chini ya hapo dawa ya kutu haitoshi. Usitie kulanti tupu bila maji ukidhani umefanya hisani, haibebi joto vizuri. Maji ya kuchanganyia ni yale safi ya kuongezea betri, na uhakikishe si asidi. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi ni bora kuliko ya kisima kwa dharura, si kwa mazoea. Umekwama Chuini na huna chochote? Tia maji ya chupa, fika nyumbani, kisha wiki hiyo hiyo yamwage.

Kulanti bandia zipo, maji na rangi. Wapo wanaozipima kwa kuzilaza kwenye friza, kwamba ikiganda ni feki. Kisayansi wako sawa: friza ya nyumbani kwa kawaida hukaa kwenye kiasi cha nyuzi 18 chini ya sifuri, mchanganyiko wa kweli wa nusu kwa nusu hauwezi kugandia humo. Lakini friza za Unguja ndimo zinamokaa barafu za watoto za rangi nyekundu na kijani, na kulanti ni sumu yenye ladha tamu. Vijiko kadhaa vinatosha kuua figo za mtoto. Mwambie fundi alete kipimo chake, tone moja kwenye kioo, dakika moja, basi. Na uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani. Paka na kuku hawasomi kopo.

Tangi la maji ya waipa ni jambo jingine kabisa. Hilo maji matupu yanalitosha, na tone la shampuu ya gari ukipenda. Sabuni ya unga inaziba vitundu, kulanti inachafua kioo. Wenye haki ya kuuliza habari ya kuganda hapo ni jamaa zetu walioko Toronto, nao wanauziwa maji maalumu ya kioo yasiyoganda mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri.

Mwisho, kifuniko cha rejeta. Mpira wake ukichoka, mgandamizo unatoka na maji yanachemka kwenye nyuzi 100 badala ya karibu 120, kwa hiyo kibadilishe kwa chenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake, si kile kilichokaa vizuri tu. Na gari ikichemsha njiani, zima, subiri nusu saa, ushike mpira wa juu wa rejeta. Kama mkono hauvumilii, usikifungue kifuniko, hata abiria wakipiga kelele namna gani.