Jina la Wi-Fi yako linawaambia nini wapita njia?

Tuchukulie ni wiki ya bonasi ya majani chai. Wakulima wameshuka kutoka Sigowet, na wewe ni wakala huku Soin, pale Kericho inapoteremka kuelekea Kisumu. Foleni imefika nje. Unafungua laptopu uangalie floti, unabonyeza alama ya Wi-Fi, na orodha inakuletea AndroidAP_4417, AndroidAP_4471 na nyingine yenye jina kamili la jirani yako pamoja na nambari yake ya simu. Sasa yako ni gani?

Hapo ndipo makosa hutokea. Ukiingia kwenye mtandao wa mtu usiyemjua, anaweza kukufungulia ukurasa unaofanana na wetu na kukuomba PIN. Jirani naye ana shida yake. Yeyote anayepita na simu mkononi anasoma jina na nambari yake bila kuuliza. Kesho tapeli akimpigia, amwite kwa jina na kujifanya mhudumu wetu, ataaminika haraka.

Dawa ya kwanza ni rahisi: badilisha majina.

Kwenye simu. Fungua Mipangilio, nenda kwenye hotspoti, ubadilishe jina lake. Kisha tafuta sehemu ya Kuhusu simu, uguse Jina la kifaa. Hilo ndilo wengine huona ukiwasha Bluetooth. Chagua jina unalolijua wewe, kama Mwembe-2, lisilozidi herufi 32. Usiweke jina lako, nambari ya simu, nambari ya wakala wala neno "pesa". Ukishabadilisha jina la hotspoti, laptopu itauona kama mtandao mpya, kwa hivyo utaingiza nenosiri tena. Usishtuke.

Kwenye kompyuta ya Windows. Fungua "Settings", kisha "System", kisha "About", ubonyeze "Rename this PC". Tumia herufi, tarakimu na kistari tu, bila nafasi, na usipite herufi 15. Jina jipya litaanza kazi ukizima na kuwasha mashine. Kama duka lina kompyuta mbili, ziite Kaunta-1 na Kaunta-2.

Printa ya risiti nayo inaweza kupewa jina kwenye orodha ya printa, sawa na kifaa cha mtandao kilicho ndani ya laptopu. Lakini elewa tofauti: majina haya ni lebo yako wewe kwenye hiyo kompyuta. Kubadilisha jina la kifaa cha mtandao hakubadilishi jina la Wi-Fi ambalo majirani wanaliona.

Sasa tuseme ukweli. Jina pekee halizuii mwizi. Mtu anaweza kufungua hotspoti na kuiita Mwembe-2 pia. Kwa hivyo weka nenosiri refu kwenye hotspoti yako, na uizime ukimaliza kazi. Futa mitandao ya zamani kwenye simu, hasa ile isiyo na nenosiri, maana simu hukumbuka mtandao kwa jina na inaweza kujiunga yenyewe na mwingine unaoitwa vivyo hivyo.

Na wewe mteja uliye kwenye foleni, ukiona Wi-Fi ya bure yenye jina la kampuni yetu, usiamini jina hilo. Ukitaka kutuma pesa, tumia bando zako au menyu ya laini, ambayo haipiti kwenye Wi-Fi. Hakuna Wi-Fi inayohitaji PIN yako ya pesa ili ikuunganishe. Ikikuomba, toka hapo hapo. Kama tayari umeiweka, badilisha PIN mara moja kisha utupigie simu kupitia huduma kwa wateja.

Kabla foleni ya kesho haijaanza, hebu chukua simu yako sasa hivi uangalie: inaitwaje?